Siku ya Kumlaza Bi Mize

Adhuhuri moja ya baridi, huko ugenini, Shaame Faki ameketi kitini na simu mkononi, na usingizi unamchukua vile vile alivyoketi. Dada yake Bikombo ameshamwambia: Mama amekata roho, tunazika alasiri. Ndege gani itamfikisha Pemba kabla ya alasiri? Na mama yake, Bi Mize, alikwisha kumuusia, wewe ndiye utakayenipokea kaburini, nisishikwe na mikono ya watu baki. Hana mwana mwingine wa kiume. Basi anafumba macho, na zulia chini ya miguu yake linakuwa udongo mwekundu, na barabara inapanda kilima, inashuka, inapanda tena, na pembeni karafuu zimeanikwa majamvini, harufu imetanda njia nzima. Mtu anatangulia mbele. Pale penye uso pana ngozi tu, laini kama ganda la yai. Makaburini mbali? anauliza Shaame. Kwa aliyebaki ni hatua kumi, anajibu yule. Kwa aliyeondoka, pima mwenyewe. Wanapita mji wenye baraza nne na kinyozi mmoja, kisha mji mwingine wenye baraza zile zile na kinyozi yule yule, na katika kila mji wanawake wamezunguka masufuria ya wali wa msiba, wanakoroga, hakuna anayelia kwa sauti. Uwanjani ng'ombe wa mchezo, yule wa vijana kumchokoza na kumkwepa, anazunguka na kamba yake, wachezaji hakuna. Vijana wako wapi? Yule asiye na uso anacheka. Wamekwenda kukutafuta wewe, ati. Kila mlango wa tatu una kufuli. Mikarafuu imekauka vileleni, hakuna wa kuipanda. Shaame anakimbia, na barabara inamrudisha kwa kinyozi, naye kinyozi anamgeuzia uso usio na macho: Ebo! We bado unazunguka? Jeneza limeshatoka!

Mwishowe anafika. Wanaume wamelitandia kaburi shuka, wameishika pembe, Bi Mize asionekane. Nipisheni nimpokee mama! Hakuna anayesogea. Umechelewa, bwana, anasema mmoja, mwanawe keshashuka. Mwana gani? Hana mwana ila mimi, Shaame. Ndiyo huyo huyo Shaame, wanajibu kwa pamoja, aliyemuuguza miaka yote hii, wewe nani? Anainama, anachungulia chini ya shuka. Mle ndani yumo mtu wa umri wake, mwenye pua yake, mikono imepasuka kwa kupanda mikarafuu, anafungua mafundo ya sanda taratibu kama anayemvua nguo mtoto aliyelala. Mtu yule anainua kichwa. Usishuke, anasema, hapa pana nafasi ya mmoja. Alikuulizia mpaka mwisho. Ukamwambia nini? Nikamwambia, mimi hapa, mama. Udongo unaanza kumwagwa. Shaame anapiga ukelele, na simu inamlilia mkononi.

Kaka, anasema Bikombo, sauti imemkauka. Allah akulipe. Watu wote wanasema, mama umemlaza vizuri. Sasa mbona umeondoka makaburini bila kuaga? Wamekaa, wanakungoja useme neno. Nje ya dirisha kweupe, hajui ni theluji au ni jua la alasiri. Nakuja, anasema Shaame, na anapapasa chini ya kiti atafute viatu, hajui atavikuta vya nchi gani.