Sikio la Fundi Osukuku

Fundi Osukuku wa Burumba hakuwa mtu wa kushika spana kabla ya kuujua ugonjwa, na ndivyo alivyojipatia jina. Ukimletea gari linalolalamika, aliketi kiti cha abiria, akafumba macho, akafunga mikono kifuani na kukuambia, "Endesha." Mkirudi, alishakutajia: beringi ya nyuma imekwisha, au hakuna kitu, ni jeki yako inacheza chini ya kiti. Madereva wa Busia na Malaba walimwita Sikio, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilobatizwa nalo.

Sasa fikiria mwenyewe aibu ya mtu anayeitwa Sikio, naye moja limekufa. La kulia lilianza kufifia miaka miwili nyuma, kwa nyundo za maisha yote, na tangu Krismasi lilikuwa kimya kabisa. Aliyejua ni mkewe peke yake, Among. Kanisani aliketi kushoto kwa mumewe, njiani alitembea kushoto kwake, na mteja akisema jambo kutoka upande mbaya, Among alilirudia kama mtu aliyeshangaa tu: "Eti breki haishiki?" Mara ngapi alimsihi, "Baba Aluka, waambie watu. Utakuja kuumiza mtu." Jibu la Osukuku lilikuwa kununa. Mtu mzima, mwenye wajukuu, ananuna siku nzima!

Jumamosi moja ya mwaka 1998, mvua za El Nino zikiwa zimeacha barabara na mashimo ya kuogeshea ng'ombe, dereva Omagor aliingia uani kwa Osukuku na kombi yake kuukuu. Alitakiwa kuwapeleka akina mama wa kwaya ya Burumba kwenye mashindano ya makanisa kule Malaba. Kumi walikuwa wamesimama tayari, sare zao za samawati zimepigwa pasi, Among akiwa mmoja wao. Wengine watatu walikuwa wakingojea Alupe.

"Fundi, hii kitu inagonga," Omagor alisema. "Du, du, du. Nikiongeza mwendo, inaongeza. Nikipunguza, inapunguza."

"Basi iko kwa wili," Osukuku alisema. "Injini haiwezi kukufuata namna hiyo. Twende."

Walitoka hadi kwenye lami. Osukuku alifumba macho, na kishindo kikaja. Kushoto. Wazi kabisa, kushoto. Na nyuma kushoto kulikuwa na tairi alilolitia gaita yeye mwenyewe mwezi uliopita, yaani kipande cha tairi kuukuu kinachopachikwa ndani ya tairi lililochanika ili tyubu isichungulie nje. Gaita hugonga, nani asiyejua? Moyo ukamtulia. Tangu Krismasi kila gari lililoingia uani lilimtia hofu, na leo ugonjwa ulikuwa umejileta wenyewe mkononi.

Alipofumbua macho aliiona midomo ya Omagor ikisogea. Injini ilikuwa ikinguruma, na dereva yuko kulia. Osukuku hakupata hata neno moja. Angeweza kusema, "Rudia." Nani angemcheka? Lakini aliitikia kwa kichwa polepole, kama mwenye busara nyingi, na Omagor akaonekana kuridhika.

"Ni gaita yangu ya nyuma," aliwatangazia akina mama waliporudi. "Haina neno. Jioni nitaibadilisha."

"Lakini mimi naisikia kwa stering, mzee," Omagor alisema, safari hii akiwa amesimama mbele yake.

"Gaita ikikaa vibaya, gari yote inacheza. Ama siku hizi Sikio ni wewe?"

Akina mama wakacheka, na Omagor akacheka nao, akishika kichwa. Among hakucheka. Alimtazama mumewe usoni kwa swali ambalo hangeweza kuliuliza mbele za watu. Osukuku akayaona macho hayo, akainamia viatu vyake.

"Panda, Mama Aluka. Mtachelewa."

Among akapanda mbele, kwenye kile kiti alichotoka mumewe.

Kombi ilipokwisha kuondoka, Osukuku alivuka barabara kwenda kununua sigara. Akasikia kengele ya baiskeli kushoto kwake. Akaruka kulia kuikwepa, na baiskeli ikampata ubavu wa kulia, wakaanguka wote wawili.

"Mzee!" alifoka Ejoku, mwendesha boda boda aliyezoea kuvusha watu mpakani. "Nakupigia kengele na wewe unakuja tu kwangu!"

"Ulikuwa kushoto."

"Kushoto gani? Si nimekugonga huku?"

Osukuku alikaa pale pale vumbini. Alijua sikio lake limekufa. Hakuwahi kujiuliza kama lile zima linamdanganya.

"Inua baiskeli," alisema. "Nizunguke polepole, huku unapiga kengele."

"Mzee, umeumia kichwa?"

"Nizunguke!"

Akafumba macho kama afanyavyo kwenye magari. Kengele ikalia kushoto. Ikalia tena, kushoto. Ya tatu, kushoto. Alipofumbua macho, Ejoku alikuwa amesimama kulia kwake kabisa, kidole kwenye kengele, akimwonea huruma.

Kwa sikio la Osukuku dunia nzima ilikuwa kushoto. Kile kishindo kingeweza kuwa cha gurudumu lolote, na Omagor alisema anakisikia kwenye usukani. Mbele, basi. Mbele, na Among ameketi mbele.

"Alupe," alisema, akikalia kiti cha nyuma cha baiskeli. "Kanyaga, Ejoku. Kanyaga kama unafukuzwa na askari wa forodha."

Kwa gari, Alupe si mbali. Kwa baiskeli iliyombeba fundi mnene, ilikuwa mbali kweli. Ejoku alihema, mnyororo ukalia, na kwenye kila shimo Osukuku aliona akilini gurudumu likichomoka na kutangulia gari lake. Alitazama kila mtaro akitafuta nguo ya samawati. Alimwomba Mungu, kisha akamkasirikia Among kwa kumtii, kisha akaona haya kwa kumkasirikia. Kilichompa tumaini ni kimoja: akina mama wale hawaanzi safari bila sala, wangeisubiri kwaya yote ikamilike pale Alupe ndipo wasali, na kiongozi wao, Mama Syprose, hajui sala fupi. Humwombea dereva, na tairi, na mke wa dereva.

Waliona kombi ikiwa pembeni mwa barabara, mlango wazi, akina mama wamesimama duara, vichwa chini. Osukuku akapumua. Lakini vichwa vikainuka, wimbo ukapigwa, wakaanza kupanda. Mlango ukafungwa. Mbele yao barabara ilikuwa inateremka.

"Omagor!" Osukuku alipiga kelele. Kombi ikasogea. "Omagor! Simama! Among!"

Wimbo ulikuwa mkubwa, na Omagor hakusikia kitu. Among, mwenye masikio mawili mazima, alitoa kichwa dirishani, akamwona mumewe juu ya baiskeli, akamkamata dereva mkono. Kombi ikasimama.

"Weka jeki mbele, tuanze na kulia," Osukuku alisema, akishuka kwenye baiskeli.

"Si ulisema ni gaita ya nyuma?"

"Weka jeki!"

Alikibandua mwenyewe kifuniko kinachoficha nati za gurudumu. Mbili zikamdondokea kiganjani. Bolti mbili zilikuwa tupu, na nati tatu zilizobaki alizizungusha kwa vidole, bila spana. Matundu ya gurudumu yalikuwa yameliwa mpaka yakawa na umbo la yai. Mama Syprose alishika kifua, akakaa kwenye nyasi na sare yake safi.

"Lakini fundi," Omagor alisema kwa sauti ndogo, "mimi nilikuambia. Nilisema juzi nilipata pancha na hii wili ya mbele, wakanifungia Malaba. Nikakuuliza, si kitu? Ukaitikia kwa kichwa."

Watu wote walimtazama Osukuku. Angeweza bado kujiokoa. Angesema alikuwa anawaza, au kwamba Omagor hakusema vizuri, na wangemwamini, maana jina lake lilikuwa kubwa kuliko la Omagor. Uongo huo ulimfikia hadi ulimini.

"Sikukusikia," alisema. "Hili sikio la kulia limekufa. Lilianza kufifia miaka miwili iliyopita. Nilikuwa naitikia tu."

Ejoku alijifanya anakagua mnyororo. Osukuku alipiga magoti, akalitoa gurudumu lile, akafunga la akiba, akazikaza nati moja baada ya nyingine, akazikaza tena, akakagua magurudumu yote manne kwa mikono, jambo ambalo hakuwa amelifanya mbele za watu kwa miaka mingi. Akamwambia Omagor gurudumu lile bovu lisifungwe tena kwenye gari.

Alipokuwa akipangusa mikono, Among alikuja akasimama kando yake. Alisimama kulia, upande ambao kwa miaka miwili hakuwahi kuukaribia mbele za watu. Midomo yake ikasogea. Kichwa cha Osukuku kilikwisha kuanza kuitikia, kwa mazoea, ndipo akakizuia.

"Sijasikia," alisema. "Rudia."

Among akarudia kwa sauti ya kwaya, na wote wakasikia.

"Nimesema, niliona hujui inagonga wapi! Pale nyumbani, ukiangalia viatu, niliona hujui. Na nikapanda, ndio usiaibike!"

Osukuku alifunika uso kwa mikono yenye grisi, akalia.