Mashine Iliyoharibika Ghafla

Saa tatu na nusu nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi, upande wa kushoto umeshanyolewa, wa kulia bado kichaka. Usaili wangu wa kwanza ulikuwa saa nne kamili. Nyuma yangu, kwenye benchi, fundi friji alikuwa akisoma gazeti, sanduku la spana miguuni. Mikono na shingo yake vilikuwa na mabaka meupe ya ngozi. Zamu iliyofuata ilikuwa yake.

Akaingia mteja mmoja wa siku zote, tunamwita Miwani Nyeusi kwa sababu haivui hata ndani. Akamtazama fundi friji, akarudi nyuma hatua moja.

"Kinyozi, usiniambie huyu naye ananyolewa hapa. Mashine ikimgusa yeye, mimi hainigusi. Sitaki kuokota magonjwa ya watu."

Kinyozi akageuza shingo tu. "Kaka," akamwambia fundi friji, "labda upite kesho. Mashine imeharibika."

Wakati anasema hivyo, mashine yenyewe ilikuwa inanguruma juu ya sikio langu.

Nami nikafanya nini? Nikayakagua magoti yangu kana kwamba nimeyanunua jana. Nilipoinua macho, fundi friji alikuwa anakunja gazeti taratibu, kwa mikunjo yake ileile. Tukagongana macho kwenye kioo. Hakuwa na hasira. Alikuwa amezoea, na hilo ndilo lililonichoma.

"Zima," nikamwambia kinyozi.

"Nini?"

"Si mbovu? Itanikata." Nikashuka, nikaenda kukaa benchi karibu na fundi friji, shuka la kinyozi shingoni.

"Una wazimu?" kinyozi akaniuliza. "Si una usaili?"

"Nitakaa kiupande, waone ulionyolewa tu."

Miwani akanigeukia. "Wewe dogo, yanakuhusu nini?"

"Bosi, yale mabaka hayaambukizi. Mimi nina mba, muulize mama yangu, mito yote nyumbani imechakaa kwa kufuliwa. Mbona mimi hukuniogopa?"

Fundi friji akacheka mpaka spana zikalia sandukuni. Mlangoni, wadada wawili waliokuwa wanapita wakasimama kukitazama kichwa changu, kisha wakasoma jina la duka juu ya mlango, polepole, kama watu wanaotaka kulikumbuka. Kinyozi akawaona. Akanitazama mimi, akamtazama Miwani, akapangusa kiti.

"Kaka," akamwambia fundi friji, "samahani. Karibu ukae."

Miwani akatoka akilalamika, akajigonga kwenye fremu ya mlango. Ningemwonea huruma, lakini si nilisema miwani haivui?

"Mmalize kwanza dogo," fundi friji akasema.

"Zamu ni yako," nikamjibu, huku nikitazama saa ya ukutani. Alinyolewa kipara, dakika saba. Mimi, nne. Nikatimua mbio.

Nilifika nimechelewa dakika kumi na mbili, jasho likitiririka, shuka la kinyozi bado limening'inia shingoni. Mama mwenyekiti wa jopo la usaili akalitazama, akaweka kalamu chini.

"Tuanze na hili. Kwa nini umechelewa?"

"Mashine ya kunyolea iliharibika," nikasema. "Halafu ikapona."

Akavuta kiti karibu. "Ikaponaje?"

Nikawaeleza.