Migunga ya Yagana

Mwenye kuazima shamba hapandi mti. Kule kaskazini mwa jimbo la Yobe, Nigeria, kila mtoto anajua hilo: lima mtama, lima kunde, vuna, rudisha ardhi ya watu. Ukipanda mti, na mwenye shamba akanyamaza mpaka ukazaa, ardhi imekuwa yako. Yagana, mjane, aliazimwa shamba na shemejiye Modu, akalijaza migunga, miti ya miiba. Kila mwaka Modu alipita akicheka mbele za watu: "Shemeji yangu analima miiba." Hakumkataza. Nani agombee miiba?

Kisha Sudani ikawaka vita. Gundi ya mgunga, ile inayotiwa kwenye soda na dawa, ilikuwa ikitoka huko kwa wingi. Njia zikafungwa, wanunuzi wakahaha. Ndipo akaja Alhaji Sabitu, tajiri wa Kano, akitaka kukodi shamba lile kwa miaka thelathini. Modu naye ghafla akakumbuka kwamba ana shamba.

Walikutana kwa bulama, mkuu wa kijiji, watu wamejaa mkekani. Yagana alikuwa na hasira tangu alfajiri na hakuona sababu ya kuificha.

"Nilimwazima alime mtama," Modu alisema. "Sasa nalitaka."

"Na miti yangu?"

"Miti ipi, shemeji? Ule ni uzio tu. Mti huzaa. Miiba inazaa nini?"

Bulama alikuna kidevu. Wazee wawili watatu waliitikia kwa vichwa, na Yagana akaona shamba linamponyoka hivi hivi. Akamgeukia mgeni.

"Alhaji, umetoka Kano kote huko kuja kukodi uzio?"

Mkeka mzima ukaangua kicheko. Sabitu akajikohoza. "Nimekuja kwa ajili ya gundi."

"Basi imezaa. Na shemeji aliniona nikipanda, akacheka nyote mkimsikia. Nani aliwahi kumsikia akinikataza?"

Hakuna. Bulama akaamua shamba ni la Yagana, na Modu akaondoka bila kuaga.

Sabitu hakupoteza muda. "Mama, basi hiyo miaka thelathini tuandikiane mimi na wewe. Vita hivi ni bahati yako."

"Huko Sudani kuna mwanamke amekimbia akaacha migunga kama hii," Yagana alisema. "Msiba wake usiuite bahati yangu. Vita vikiisha utarudi kwake, mimi uniache nimefungwa na karatasi yako. Shamba sikodishi. Gundi nitakuuzia msimu kwa msimu, bei tupatane hapa, mbele ya watu."

"Wapo wengine watakaokubali." Sabitu akasimama, akavaa viatu.

"Wapo, tena wengi. Wote wameanza kupanda juzi, waliposikia habari za vita. Ukifika, nisalimie miche yao."

Sabitu alifika hadi kwenye gari, akafungua mlango. Kisha akaufunga, akarudi, akavua viatu na kuketi.