Kilichoruhusiwa Kusemwa Nyumbani

Bosi wangu wa zamani alitushtaki mimi na mke wangu kwa wizi, kwa roho mbaya ile ile aliyokuwa akininyimia likizo. Programu yake huchukua majibu kutoka mashine za kupima damu na kuyapeleka kwenye kompyuta ya daktari. Yetu inafanya hivyo hivyo, tena kwa amri zenye majina yale yale, maana mashine za maabara haziitikii majina mengine.

Wakili wetu, mama asiyecheka hata kwa bahati mbaya, alitueleza mapema. Majina ya amri na namna ya kuziita, ruksa. Lakini jinsi kila amri inavyofanya kazi ndani kwa ndani, hiyo ni mali ya aliyeiandika. Mimi ya ndani nilishayaona nilipokuwa kazini kwake. Kwa hiyo niliandika orodha ya amri tu, kurasa kumi na mbili, nikamkabidhi mke wangu, mtunga programu ambaye ya ndani hakuwahi kuyaona, naye akaandika programu nzima upya. Zaidi ya orodha hiyo, marufuku kumwambia kitu. Likithibitika neno moja, programu yetu inafungwa, na mimi na mvi zangu narudi kuomba kazi.

Mahakamani, wakili wa bosi alimsogelea mke wangu akitabasamu kama mtu aliyekwisha kushinda.

"Mnalala kitanda kimoja?"

"Kimoja."

"Na kwa miezi minane mumeo hakukwambia lolote kuhusu kazi yake ya zamani?"

"Hakuniambia."

"Mama, tuwe wakweli."

Mke wangu akamgeukia jaji. "Mheshimiwa, mama mkwe alipolazwa, niliambiwa na jirani. Huyu alipoacha kazi, nilijua kwa kumkuta nyumbani saa nne asubuhi. Tuna miaka kumi na moja kwenye ndoa, na hiyo orodha ndiyo kitu kirefu kuliko vyote alivyowahi kuniandikia. Niliisoma mara mbili."

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, halafu nikaona jaji anaandika.

Tulishinda. Majina ya amri hayana mwenyewe, akasema jaji, na ya ndani hayakuibwa, kwa kuwa shahidi ameaminika kabisa. Wakili wetu akanipa mkono, akanisifu kwa kujua kunyamaza.

Kwenye ngazi za mahakama nilikuwa bado na aibu.

"Yale uliyosema mle ndani," nikamuuliza mke wangu, "wakili ndiye aliyekufundisha?"

"Wakili alinifundisha kujibu ndiyo na hapana tu," akasema. "Hayo mengine yalinitoka."