Kokoto za Mwambani

Mumewe alipopooza upande wa kushoto, fundi cherehani alijua kilichoanguka si mguu tu. Yule bwana alikuwa ametembeza wageni njia ya majabali maisha yake yote, kutoka ufukweni nyuma ya soko la samaki hadi mwamba wa mwisho, ambako bahari huonekana pande tatu. Watu walimwita Kwato. Na Kwato hakumwamini mtu kwa mdomo mtupu: ukijigamba kwamba umefika mwambani, sharti uoneshe kokoto ya kule. Wageni walicheka, lakini waliokota.

Sasa alilala chumbani, ghorofa ya nne, uso ukutani, mazoezi hataki. Ndipo mkewe alipobuni dawa. Kila Jumapili angetembea yeye, arudi na kokoto, amsimulie.

"Ukitaka kuona kwa macho yako, nyanyua mguu," alimwambia.

Kwato alinuna, akafoka, kisha akanyanyua mguu.

Haikupita miezi mingi, Jumapili moja fundi akakuta uzio wa mabati, na nyuma yake mashine zinatafuna mwamba. Alilia palepale, bila kujali nani anamwona. Akiwa njiani kurudi, kwenye rundo la kokoto za ujenzi karibu na kwao, aliinama akachagua moja nzuri nzuri.

"Leo kulikuwaje?" Kwato akauliza.

"Upepo, mume wangu! Nusura univue kitambaa."

"Na lile benchi letu?"

"Wamelipaka rangi. Kijani."

"Kijani! Hao watu hawana macho," akasema, akacheka mpaka akapaliwa. Halafu akaomba mkanda wa mazoezi bila kusukumwa.

Ungekuwa wewe, ungemwambia ukweli? Fundi alizidi kushona uongo wake, leo vichuguu vya kaa, kesho wapenzi wanaogombana njiani. Kokoto zikajaa bakuli dirishani. Mguu nao ukapata nguvu, na badala ya kushukuru Mungu, mama wa watu akakosa usingizi. Alijifariji kwamba ngazi zitamshinda. Kwato akazishuka.

"Jumapili hii tunakwenda wote," akatangaza.

Fundi alisingizia jua, akasingizia mvua, akasingizia viatu.

"Viatu vimefanya nini?" Kwato akauliza.

Teksi iliwaacha sokoni. Kwato alikataa kushikwa mkono.

"Mimi ndiye ninayetangulia hapa," alisema, jasho likimtiririka, fimbo ikigonga mawe, na kwa muda ule mfupi alikuwa kijana tena. Mkewe alimfuata nyuma akitamani njia isiishe. Wakakata kona. Mabati.

"Shikamoo, mzee," mlinzi akasema. "Hapa hapapitiki. Ule mwamba wameshaukata wote, huko hakuna kitu."

"Marahaba. Tangu lini?"

"Mwaka sasa."

Kwato hakumtazama mkewe. Alitoa kokoto mfukoni, akaigeuza kiganjani.

"Nilijua si ya kule," akasema. "Za kule ni laini, hizi zina makali. Nikajiambia, labda bahari imeleta mpya."

"Nisamehe. Ungenifia kitandani."

"Najua. Lakini nilikuwa nasimama kwa ajili ya huko."

Walirudi kwa teksi. Ngazi alizipanda mwenyewe, zote, akajilaza akageukia ukuta. Asubuhi fundi alimwekea mkanda wa mazoezi kando ya mto. Hakuugusa. Jioni alimkanda mguu, akaukuta umelegea na umepoa, akajua mumewe amekata tamaa, na hakuwa tena na cha kumdanganyia.

Jumapili ilipofika alivaa viatu kwa mazoea, akasimama mlangoni bila kujua anakwenda wapi.

"Leo usinisimulie kitu," Kwato akasema, uso ukutani.

Fundi akavua viatu, akaketi kwenye cherehani yake.