Matusi ya Wajukuu

Sikuwa na diploma ya chuo kikuu, sikuwa na kompyuta, sikuwa na mjomba Kinshasa, wala meno ya mbele. Kusoma nilijifunza jioni, baada ya kushusha magunia stesheni. Lakini ukurasa wa matanga wa mji wetu wa Kindu, huku Maniema, kwenye mtandao ulikuwa wangu. Mtu akifa, niliweka picha na jina, na watu wetu waliotawanywa na vita walijua wamefiwa na nani.

Rafiki yangu Soudi alipofariki, nilimtangaza. Wajukuu wakafuata desturi: mjukuu humtukana babu yake matangani, ndiyo heshima ya mwisho. Mjukuu wake Zainabu akaandika: "Muzee mwizi wa kuku, umekufa, afazali! Tutakutupa mutoni, samaki wakukatae." Watu walicheka huku wakilia.

Chini ya matusi hayo kukatokea maneno mengine: "Huyo njo baba yangu. Ni mimi Rachida. Mama iko?"

Rachida! Alipotea akiwa mtoto, wakati wa vita, watu walipokimbilia msituni. Soudi alimtafuta mpaka akazeeka. Nikavaa miwani nimjibu. Kabla sijaandika neno, ukurasa ukafungwa, na maneno ya Rachida yakatoweka nao. Kampuni yenye mtandao huo, huko ng'ambo, ikaandika kwamba ninachochea chuki na kutishia watu.

Nilikata rufaa. Jibu likaja kabla sijaweka simu mezani: uamuzi haubadiliki.

"Nani anasoma mbio hivi?" niliuliza.

"Mashini, Babu," alisema Zainabu, aliyekuwa kando yangu.

"Mashini haina babu?"

"Haina hata baba! Lakini iko kamati ya watu wa inchi mingi, inachunga hizo kampuni."

"Na mu ile kamati, iko mutu wa Maniema?"

"Weye Babu! Watamujulia wapi?"

Nilikasirika, nikakumbuka fonia. Wakati wa vita, askari alikaa kando ya fonia, ile redio tuliyozungumzia na miji ya mbali, akisikiliza kila neno. Siku moja mjukuu akamtukana marehemu bibi yake hewani. Askari akashika bunduki: "Munatishia nani?" Nikamweleza. Akacheka, akaketi. "Hata kwetu njo vile." Tulimchukia yule askari. Lakini alikuwa na masikio, na alikuwa na bibi.

Nilikwenda kwa Safi, mjane wa Soudi, aliyekuwa katika eda. Aliniuliza kutoka nyuma ya pazia:

"Shemeji, umemujibu mutoto?"

"Bado."

"Basi atazani na miye nimekufa."

Nikarudi nyumbani nikaandika kwa kamati, kwa Kifaransa changu cha shule ya jioni: "Mabibi na Mabwana, kabla ya kuchunga maneno ya dunia, jifunzeni nani anaruhusiwa kumtukana nani. Ukurasa wangu mkitaka ufungeni hata milele. Lakini mtafuteni Rachida, mumwambie: mama yako yuko hai, yuko Kindu, mtaa wa Kasuku, anakungoja."

"Babu, barua ya karatasi?" Zainabu alishangaa. "Wako na adresi ya mutandao."

"Ile ya mashini? Karatasi lazima mutu aishike."

Nikapaka bahasha uji wa muhogo, nikaibana kwa kiganja mpaka ikakauka. Kwenye uwanja wa ndege nikampa Édouard wa ajansi ya ndege. Akaigeuza, akaguna, akaitia katika mfuko wa barua za Kinshasa. Nilisimama pale mpaka ndege ikaruka.