Saa Yenye Pembe

Toka asubuhi Emérita hakuweza kutulia. Alikaa, akainuka, akafagia pale alipokwisha kufagia. Siku hiyo, huko Kingi mlimani, ndugu za marehemu mume wake Habumugisha walikuja kugawa vitu vyake, na desturi ya ukoo wao ilikuwa hii: kitu kinachofanya kazi kinaenda kwa ndugu, kilichokufa kinabaki kwa mjane.

Ng'ombe waende. Pikipiki iende. Yeye alitaka saa ya mkono tu. Mapema, kwa mazoea, aliikaza kwa kile kichwa kilicho katikati ya pembe zake, vifungo viwili vilivyochomoza juu, maana isipokazwa kila siku inalala. Kisha akakumbuka desturi, akasogeza mishale mifupi ionyeshe saa ya uongo, kama saa iliyokufa. Mshale mrefu mwekundu ulisimama juu, kama kawaida yake mpaka uitwe. Mvua ilipiga mabati. Nani angesikia mlio mdogo wa saa?

Shemeji yake Nsengimana akaiinua, akaangua kicheko.

“Muangalie! Saa iko na pembe sawa ng'ombe dume! Vifungo vyote juu ya kichwa. Njo maana ilikufa.”

“Fundi alikuwa amelewa,” akadakia Uwingabire, mke wake. “Aliweka masikio kwenye paji!”

Nyumba nzima ikacheka.

“Basi, ibakie mujane.”

Hapo angenyamaza tu, na yote yangekwisha. Lakini kicheko kile kilimchoma.

“Hakulewa!” Akampokonya. “Papa Nsengimana, angalia kwanza. Kifungo kikikaa pembeni, ukikunja mukono kinakuchoma. Hizi ziko juu, unafinya na kidole gumba hata kama mikono imejaa maziwa. Na uso wake umeinama kama mulima wetu, ili usome bila kugeuza mukono. Marehemu akitia dawa ya kugandisha maziwa yawe fromaji, alifinya hapa apime dakika.”

Akafinya pembe ya kuume. Mshale mwekundu ukaondoka, ukazunguka laini, bila haraka. Akafinya tena, ukasimama. Akagusa pembe ya kushoto, nao ukaruka mara moja mpaka juu, kama ndama aliyeitwa na mama yake.

Emérita akatabasamu. Kisha akaona nyuso zao.

“Kumbe iko muzima,” Nsengimana akasema polepole, akanyoosha mkono.

Desturi ni desturi. Akampa.

“Unionyeshe tena, shemeji.”

Akamwonyesha kwa uvumilivu. Ya kuume, inatembea, inasimama. Ya kushoto, inarudi. “Lakini usifinye ya kushoto wakati inatembea, utaiumiza.” Kile kichwa cha katikati shemeji hakukiuliza, naye hakukitaja.

Nsengimana akaondoka ndani ya mvua, mkono ameuinua watu wamwone.

Emérita akabandika maji ya chai, akayasahau. Akapangusa msumari wa ukutani ambako saa ilikuwa inatundikwa. Akakaa, akainuka, akaenda mlangoni kuangalia njia. Kesho, au kesho kutwa, shemeji atapanda huu mlima na kitu kilichokufa mkononi.